Mrejesho: nimehamia Morogoro

Wakuu, mwezi wa pili niliuliza kama niache uhasibu Dar nikasimamie ghala la mbegu Morogoro kwa mshahara mdogo. Wengi mlinikataza. Nimehama.

Hela imepungua kweli, lakini chumba na sebule nalipa nusu ya kodi ya Tabata, na kazini naenda kwa baiskeli. Kabati lilivunjika mguu njiani. Limeegemezwa tofali hadi leo. Asubuhi nikifungua dirisha naiona milima ya Uluguru imejifunga wingu kiunoni.

Gitaa lililolala uvunguni miaka yote nimelitia nyuzi mpya. Mwenye nyumba kaomba nisipige baada ya saa tatu usiku (ana haki, bado najifunza). Mama hajanisamehe, ila Jumamosi anapanda SGR kuja kukagua.