Sanamu ya Dkt. Susan La Flesche Picotte: nani amefika Walthill?

Mama Zawadi, Lincoln (Nebraska):
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Binti yangu ana insha ya shule kuhusu Dkt. Susan, yule daktari wa wenyeji asilia wa Marekani, mwenye sanamu ya shaba hapa mjini, barabara ya Centennial Mall, iliyozinduliwa Oktoba 2021. Tumeenda, tumepiga picha, basi. Sasa ananisumbua: alikuwa akitibia wapi hasa? Nasikia hospitali yake bado ipo Walthill, kule kaskazini mwa Nebraska. Inafaa kumpeleka mtoto hadi huko?

Nesi Mstaafu, Omaha:
Marahaba mwanangu. Mpeleke. Nimeuguza watu Kigoma miaka mingi kabla ya kuja huku, na mimi lile jengo ndilo lililonigusa, si sanamu. Jengo lenyewe la mbao tu, lilifunguliwa 1913 kwenye ardhi ya watu wake, kabila la Omaha. Serikali haikutoa hata senti. Alihangaika mwenyewe na makanisa na wafadhili, akafariki 1915, miaka 50 tu.

Binti asiache kisa hiki. Susan akiwa mdogo alikaa na bibi mmoja mahututi. Daktari Mzungu akaitwa mara nne, kila mara anajibu anakuja. Hakuja, bibi akafa. Mtoto huyohuyo akahitimu udaktari Philadelphia mwaka 1889, akaongoza darasa, akarudi kijijini. Wagonjwa aliwafuata kwa farasi, na baridi ya Nebraska mnaijua! Usiku aliacha taa dirishani ili mwenye shida aione nyumba. Tena alikipiga vita kikombe cha maji cha pamoja, maana kilieneza kifua kikuu. Kwetu ilikuwa kata juu ya mtungi, ukoo mzima tunainywea.

Msema Kweli:
Mimi sanamu hainipi raha. Mwaka 1910 mama huyu alikwenda Washington kudai haki za ardhi za watu wake. Sheria ya kuwapa uraia wa Marekani wenyeji asilia wote ikaja 1924, yeye yuko kaburini. Leo ndiyo anasimamishwa mjini?

Nesi Mstaafu:
Wewe nawe! Bila sanamu, huyu mtoto angeandika insha ya nani?

Mama Zawadi:
Hahaa, ahsanteni. Njia je?

Msema Kweli:
Shika barabara ya 77 kaskazini, pitia Fremont. Ni mwendo wa kama saa mbili hivi. Jaza mafuta mapema, na kama una nafasi garini, mimi napanda.