Binti wa miaka 11: dukani ni ama nguo za katoto ama za mdada, katikati hakuna. Mnanunua wapi?

Mama Nasra wa Kimara

Habari za saa hizi wapendwa, naombeni msaada hasa nyie mnaolea mabinti. Wangu ana miaka 11, yuko darasa la tano, karefuka ghafla tangu mwaka jana miguu hiyooo, na kifua ndo kimeanza kuonekana. Sikukuu inakaribia, nataka gauni moja zuri na nguo tatu nne za kushindia manake za zamani zote zimekuwa fupi.

Jumamosi nimezunguka naye Kariakoo tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, mtaa wa Kongo wote, tukazunguka upande wa Msimbazi tukarudi tena tulikoanzia. Kwenye nguo za watoto kila gauni lina neti na maua na katuni, na saizi inaishia miaka 8 au 9, likipita kichwani linagoma mabegani. Ukihamia duka la pili unakuta nguo za wadada zimepunguzwa tu, mgongo wazi, mpasuo mpaka pajani, vitopu vinaishia juu ya kitovu.

Duka moja muuzaji akampa gauni jekundu akajaribu nyuma ya pazia. Akatoka kajikumbatia kifuani mikono miwili hivi, mgongo wote uko nje, na lile gauni lina sponji kifuani, sponji jamani, kwenye gauni ambalo lebo yake imeandikwa miaka 10 mpaka 12! Muuzaji ananiambia "Mama usimbane, huyu ashakuwa mdada." Mtoto akaangalia chini. Nikamwambia kavae nguo zako tuondoke. Kwenye daladala akaniuliza kwa sauti ya chini, mama kwani mimi ni mnene? Wala sio mnene, tena mbavu unazihesabu. Nikamwambia nguo ndo mbaya sio wewe, ila niliona hajaniamini.

Na kingine, tangu shule zifunguliwe anavaa sweta la shule kutwa nzima, na joto hili la mwezi wa pili mnalijua, anarudi mgongo umelowa chapachapa. Nikimwambia vua anasema anasikia baridi.

Sitaki kumvalisha gunia, na sitaki aonekane ana miaka 22. Nataka nguo ya mtoto anayekua. Nina laki na nusu kwa vyote. Mnanunulia wapi?

Mwamvita wa Ilala

Pole sana dada, hiyo ya daladala imeniuma. Ila umetafuta pasipo. Mwenye duka analeta kinachotoka haraka, na mtoto wa umri huo nguo anaiacha baada ya miezi sita, wazazi wengi wanaogopa kuweka pesa hapo, basi na yeye haleti. Nenda mitumba. Karume, alfajiri, saa kumi na mbili uwe ushafika wakati wanafungua mabelo, ulizia wanaofungua ya watoto wakubwa, sio wa vichanga.

Sasa sikiliza. Usitafute nguo "ya miaka 11". Msimamishe Nasra ukutani pekupeku, muwekee kitabu kichwani, piga alama ya penseli, pima. Nguo nyingi za Ulaya lebo yake ni urefu wa mtoto kwa sentimita, 134, 140, 146, 152, 158, zinapanda sita sita. Kama ana 144 chukua 146, na gauni la sikukuu chukua 152 alivae na mwakani. Za Marekani za wasichana zinaenda namba 7 mpaka 16, hapo ndo watu wanapotea, manake kuna namba 12 ya mtoto na namba 12 ya mwanamke mzima na zinaninginia kamba moja. Nakupa siri yangu: pindua nguo ndani nje uangalie kifuani. Ukikuta imeshonwa mikunjo miwili ya kuchongoka kwenda kwenye matiti, hiyo ni ya mtu mzima, rudisha hata kama urefu umekubali. Ya mtoto inashuka moja kwa moja toka kwapani.

Usidharau na fungu la wavulana. Tisheti za kiume ni ndefu na pana, kadeti na kaptula zao zinafika magotini, wakati kaptula za wasichana za umri uleule utadhani kitambaa kiliwaishia njiani. Mwanangu wa kike nusu ya nguo zake ni za wavulana na hakuna anayejua. Gauni zuri kabisa 5,000 mpaka 10,000, pesa yako inatosha na chenji inabaki. Ila nguo za ndani nunua mpya, mitumba ya ndani TBS, wale wa shirika la viwango, walishaipiga marufuku na kwa hilo niko upande wao kabisa.

Baba Heri

Mnajipa kazi bure. Mshonee madera matano au mvalishe juba, kila mtu anajua ni mtoto wa heshima, yaishe. Hizi habari za kuchagua chagua ndo zinaharibu watoto.

Mwamvita wa Ilala

Baba Heri kwa heshima yako kaka, dera ni vazi zuri hata mimi nimelivaa sasa hivi naandika. Ila mtoto wa miaka 11 anaruka kamba, anapanda mpera, anacheza rede. Dera litamwangusha. Na ukimpa kama dawa ya kumfunika, atalivaa kama adhabu.

Nesi Rehema

Wapendwa mmeruka kitu, mimi nimesoma mpaka kwenye sweta nikasimama hapohapo. Mama Nasra, mwanao hasikii baridi. Anaficha kifua.

Nafanya kazi na akina mama na watoto miaka mingi, hili naliona kila siku. Wasichana mwili unaanza kubadilika popote kati ya miaka 8 na 13, na kwa wengi kifua ndo kinatangulia, hedhi inafuata baadaye, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Katikati hapo anarefuka kwa kasi, ndo hiyo miguu hiyooo unayoisema. Kinaanza kama kijiwe kidogo chini ya chuchu, kinauma kikiguswa, kinaweza kuanza upande mmoja mwingine ukachelewa kwa miezi na mtoto akadhani ana ugonjwa. Shati la shule jeupe ni jepesi, likilowa linaonyesha, na darasani wapo wa kucheka. Sweta ni ngao yake.

Kwa hiyo kabla ya gauni anza na ndani. Singlendi za pamba nyeupe au rangi ya mwili wake, mbili, na vitopu vya ndani vya pamba viwili, vile vya kuvaa kichwani, visivyo na sponji wala waya. Usinunue brazia kubwa "atakua nayo", inamfinya na kupanda juu. Ukinunua usimpe mbele ya kaka zake, wala usimpe mbele ya shangazi atakayepiga vigelegele. Muwekee kitandani umwambie nimekuletea hivi, na mimi nilivivaa nikiwa kama wewe, vipi kifua, upande mmoja unauma kuliko mwingine? Utashangaa atakavyoongea.

Na lile swali la unene. Mtoto ambaye nguo zote zimemkataa siku nzima anaamini kosa ni mwili wake, lazima umrudie, mara moja ya kwenye daladala haitoshi. Tena usimpeleke dukani akajaribu nguo kumi, wewe tangulia, chagua tatu, yeye aje achague moja. Yule muuzaji nae, kumwambia mtoto wa darasa la tano ashakuwa mdada! Mtoto akiota kifua hajawa mdada, ni mtoto mwenye kifua.

Fundi wa Mbagala

Salaam. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike mwaka wa kumi na nne huu. Wazazi wengi wananiletea binti wa umri huo na simu mkononi, fundi nataka mshono huu, naangalia ni mshono wa msanii yuko jukwaani. Nawaambia ukweli wengine wananikasirikia. Mshono wa mtu mzima umekatwa kushika kifua na kiuno na nyonga, binti bado vitu hivyo havijakaa sawa, leo nikikaza kiunoni baada ya miezi minne zipu haipandi.

Mwambie fundi wako hivi. Akate yoki juu (kile kipande cha mabegani mpaka juu ya kifua), marinda yaanzie chini ya yoki yamwagike, hapo kifua kina nafasi ya kukua na hakichorwi. Au kama anataka kiuno kionekane (nao wana haki ya kupendeza), basi mbele pawe bapa na nyuma lastiki. Mikono ifike karibu na kiwiko. Kola ndogo ya mviringo inampendeza sana mtoto wa umri huo. Mfuko pembeni, usisahau mfuko, watoto wa kike wanaupenda kupita kiasi na mafundi wanawanyima. Pindo la chini aache inchi tatu akunje ndani, na ubavuni aache inchi moja moja, mwakani unarudi anafumua anatoa, unalipa buku tatu gauni limekuwa jipya. Kama kitambaa ni chepesi kiwekwe bitana ya pamba, sio ile ya kuteleza inayonata ukitoka jasho.

Kitambaa kwa mtoto wa urefu huo mita mbili na nusu zinatosha na marinda yake. Kitenge cha pamba kizuri, kifue kwanza kabla ya kushona kisije kikarudi. Mimi ufundi nachukua 20,000, wengine chini ya hapo.

La mwisho ni kwenye vipimo. Mimi binti wa umri huo simpimi kifua kwa mkono wangu. Futi kamba nampa mama yake anamzungushia, mimi nasimama pembeni naandika. Au lete gauni linalomkaa vizuri nalitandika mezani napima hilo. Fundi akikwambia lazima apime mwenyewe, tafuta fundi mwingine.

Mama Twins, Reading

Niko Uingereza huku, nina mapacha wa miaka 12, na nikwambie tu tatizo ni lilelile, sio Kariakoo peke yake. Huku wazazi walilalamika mpaka serikali ikaagiza uchunguzi, ripoti ikatoka mwaka 2011, aliyeiandika ni Reg Bailey wa Mothers' Union, nyie Waanglikana huo umoja mnaujua. Kati ya mambo waliyosema wazazi ni hayohayo, nguo za watoto zimekuwa nguo za wakubwa zilizofinywa. Umoja wa wenye maduka ya huku nao ukatoa mwongozo wa nguo za watoto, kwamba waangalie ukataji, vitambaa vinavyoonyesha, maandishi kifuani, na brazia ya kwanza ya mtoto iwe ya kumstiri na kumpa raha, sio ya kukuza kifua. Ni mwongozo wa hiari, wapo wanaoufuata na wapo wasiofuata, lakini angalau mzazi akienda kulalamika ana pa kushika.

Maandishi kifuani naomba mtilie mkazo, hasa kwenye mitumba. Nilikuja likizo nikaona katoto kamevaa tisheti imeandikwa maneno ambayo huku ningeitwa shule. Bibi yake hajui kilichoandikwa. Kama maneno huyaelewi muulize anayejua, au chukua isiyo na maandishi.

Wangu nimekubaliana nao hivi, mnachagua rangi na mtindo, mimi naangalia vitu viwili tu: ukiinama mbele hakionekani kitu, ukiinua mikono juu hakionekani kitu. Wanajipima wenyewe kwenye kioo mimi sisemi neno.

Mama Nasra wa Kimara

Wapendwa narudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine inboksi. Nesi Rehema Mungu akuweke. Nilinunua vitopu viwili na singlendi mbili, zote 18,000, nikaziweka chini ya mto wake. Usiku akaja chumbani kwangu akafunga mlango, akaniuliza kama kijiwe ni kansa. Kumbe alikuwa na siri hiyo tangu mwezi wa kumi na mbili, upande mmoja ulitangulia, akawa analala chali anaomba Mungu. Nililia mbele yake sikuweza kujizuia. Tukaongea mpaka saa sita.

Karume nilienda peke yangu Alhamisi alfajiri. Ana sentimita 147, nikapata za 152: gauni la jinzi la vifungo mbele, sketi ya marinda inavuka magoti, tisheti mbili za wavulana na kadeti moja ya bluu, vyote 31,000. Ile ya kupindua ndani nje imeniokoa mara tatu, wauzaji wakawa wananiangalia.

Gauni la sikukuu liko kwa fundi wa hapa mtaani, kitenge alichagua mwenyewe cha njano chenye ndege, mimi nisingekichukua kamwe ila kimemkaa. Futi kamba nilishika mimi. Fundi alitaka kuruka mifuko, Nasra akamwambia "mjomba, na mifuko miwili", sijawahi kumsikia anaongea na mtu mzima kwa sauti ile.

Sweta bado halijaisha. Jumatatu na Jumanne aliliacha nyumbani, Jumatano kuna mpira wa pete akalibeba kwenye begi, nimemwacha. Fundi wa Mbagala, kale ka mtihani ka mama Twins ka kuinua mikono juu, shati lake la shule linatoka kwenye sketi, naongezea kitambaa chini au ninunue jipya?

Fundi wa Mbagala

Usinunue mama. Mletee fundi wako kipande cha shati la zamani la rangi ileile, aunge inchi nne chini, linachomekwa ndani ya sketi halionekani. Dakika ishirini kazi imeisha.