Naomba ushauri: wasomaji wamegawanyika kuhusu mnyonya damu wangu

Wakuu, habari zenu. Nachora katuni ya mnyonya damu, naitoa mwenyewe bila mchapishaji. Toleo la kwanza nimelisambaza kwa WhatsApp ili watu wanipe maoni. Nimechota kwa mumiani wetu: Nairobi enzi za mkoloni, watu walipoamini kwamba wazimamoto hukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Kwa hiyo jamaa yangu hana meno marefu wala joho. Ana sare, gari jekundu na ndoo.

Maoni yananichanganya. Kundi moja linasema huyu si mnyonya damu, mbona jua halimuunguzi? Hilo silikubali; hata Dracula wa kitabu cha 1897 hutoka mchana, habari ya kuuawa na jua ilikuja na filamu ya Nosferatu mwaka 1922. Lakini siwezi kumfuata kila msomaji nimpe darasa. Wengine, hasa waliotishwa na bibi zao kwa mumiani utotoni, wameogopa kwelikweli, ila wanalalamika maneno ni mengi mno hadi yanafunika picha. Hilo nitalirekebisha.

Sasa, niweke ukurasa mmoja mwanzoni wa kueleza mumiani ni nani, au msomaji agundue polepole? Nahofia maelezo yataua hofu yenyewe. Na nyie mnaoandika hadithi za kutisha, mnatofautisha vipi maoni ya marafiki na ya watu baki? Wasomaji wangu wengi ni washkaji, na wanasifia hata pale nilipochora mkono wenye vidole sita.