Mrejesho: ile pampu ndogo ya baiskeli

Wakuu, si mnakumbuka niliuliza pampu gani ndogo ya bei nafuu naweza kubeba kwenye baiskeli, ili nikipata pancha huku njia ya Mukono nisiikokote mpaka kwa fundi? Basi nimeshanunua, Kampala, elfu 35, ya alumini, na nikamsikiliza yule aliyesema nichukue yenye kimpira cha kuvuta, yaani kile kibomba laini cha kuunganisha pampu na valvu. Aisee alisema kweli. Zile zinazobana moja kwa moja kwenye valvu, ukipampu mkono unatikisika na valvu nayo inayumba, ile nyembamba ndo inapinda kabisa, ila kwa kimpira unakaa zako vizuri unasukuma. Na inashika valvu zote, nene kama za bodaboda na ile nyembamba, unageuza tu kiraba cha ndani. Tairi zangu pana zimeandikwa ubavuni 40–65 PSI (kipimo cha presha ya upepo), nikipampu mpaka jasho linatiririka geji ya fundi inasoma kama 40, inatosha kufika nyumbani, hiyo 120 iliyoandikwa kwenye boksi labda kwa tairi nyembamba. Za plastiki nilizishika dukani, mpini unacheza hata hujalipa, nikaziacha. Sasa natafuta oringi za akiba, vile vipete vya mpira vya ndani ya pampu vinavyozuia upepo usivuje, anayejua zinapouzwa anistue.