Tupeane uzoefu: uraia, pasi na kadi ya OCI, familia moja nchi tatu

Mama Nasra, Leicester

Ndugu zangu, hodi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume wangu ni wa Bhuj kule Kachchh, India, na wanetu wawili wamezaliwa hapa Uingereza. Mwaka mzima uliopita meza yetu ya chakula imejaa bahasha za vyeti. Naomba tuelezane tuliyopitia, maana wengi tunahangaika kila mtu kivyake.

Naanza na mume wangu. Alipofaulu mtihani wa maswali 24 na kula kiapo cha uraia, tulidhani shughuli imekwisha. Kumbe India haina uraia pacha. Ukishapata uraia wa nchi nyingine, wa India umekutoka, na pasi yake unatakiwa uirudishe ufutiwe na upewe cheti cha kuonyesha umeirudisha. Cheti hicho ndicho utakachodaiwa siku ukiomba OCI, ile kadi ya watu wenye asili ya India walio raia wa kwingine. Yeye aliichelewesha. Hakuwa na ujeuri wowote, moyo tu ulikuwa mzito, kwa kuwa ndiyo pasi aliyoondokea kwao akiwa kijana. Iliporudi kwa posta imegongwa muhuri wa kufutwa, aliitia ndani ya kasha la nguo za marehemu mama yake, na usiku ule hakula. Nawaomba msimwambie mtu kwamba hizo ni karatasi tu.

Upande wangu, Katiba ya Kenya ya 2010 imenihifadhia uraia wangu wa kuzaliwa. Nilichotakiwa ni kuutangaza uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. OCI ndiyo iliyonitoa jasho. Ningeweza kuomba kama mke, kwani ndoa yetu imesajiliwa na imeshapita miaka miwili, lakini OCI ya ndoa hufutwa ndoa ikivunjika. Sina nia ya kuachika, ila sikutaka haki yangu ining'inie kwa mtu mwingine. Babu yangu mzaa baba alizaliwa Mandvi kule India, nikashika njia ya babu.

Hapo jina lake likaanza kunitesa. Pasi yake ya zamani inasema Hussain, cheti cha kuzaliwa cha baba kinasema Husein, hati ya nyumba Mombasa inasema Hasan! Ombi lilirudishwa mara mbili. Mwishowe nilikula kiapo kwa wakili kwamba wote watatu ni mtu mmoja, nikaambatanisha kila karatasi yenye jina la babu na la baba pamoja. Ikapita. Kabla hujajaza fomu yoyote, panga vyeti vyote vya ukoo mezani usome majina herufi kwa herufi.

Kijana wa Upanga, Houston

Asante dada kwa kufungua mada. Mimi nilipoapa kuwa Mmarekani walichukua kadi yangu ya ukaazi palepale, nikapewa cheti cha uraia. Nikaomba pasi, na cheti halisi lazima kiende pamoja na fomu. Wiki kadhaa nikawa sina kitu mkononi. Kabla hujakituma, toa nakala, na usipange safari yoyote hadi pasi ifike.

Lakini linaloniuma ni jingine. Babu yangu alitoka Jamnagar kwa jahazi. Mimi India nimekanyaga mara moja tu, kwa harusi. Kwa ajili ya babu huyo nimelipa dola 275 nikapata OCI, naingia India maisha yangu yote bila viza. Siwezi kupiga kura wala kununua shamba, lakini mlango uko wazi. Dar es Salaam nilikozaliwa, nilikosoma, alikolala baba yangu, nalipa dola 100 za viza na kusimama foleni ya wageni, kwa sababu Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Afisa ananisemesha Kiingereza, namjibu Kiswahili. Kila mara.

Bwana wa Jinja, London

Wanangu, mimi ni mmoja wa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Tulipewa siku 90 tuondoke. Mama alikuwa na pasi ya Uingereza, baba alikuwa ameomba uraia wa Uganda, na uhakiki ulipofanyika wakaukataa. Kwa hiyo mama na sisi watoto tulipanda ndege ya kuja huku, na baba, asiye raia wa nchi yoyote, akapelekwa kambini Austria. Tulikutana naye 1973. Nilikuwa na miaka tisa na sikumtambua kwa wembamba.

Nilipoomba OCI uzeeni, cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kimebaki Jinja ndani ya kabati. Kilichonifaa ni cheti cha shule cha baba kutoka Porbandar, ambacho mama alikishonea ndani ya bitana la koti lake.

Ummu Idris, New Jersey

Watoto wangu wamekataliwa. Asili yangu ni Surat, lakini baba wa mume wangu alizaliwa Bombay, akahamia Karachi baada ya 1947 na kuchukua uraia wa Pakistan. Mzazi, babu au babu mkuu akiwa aliwahi kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh, OCI hakuna. Mama yangu yuko Surat na ana miaka 81. Wajukuu wake lazima waombe viza ya kawaida, na safari iliyopita ilikuja baada ya arubaini ya baba yangu. Naomba aliyepitia hili aniambie alifanyaje ili viza isichelewe.

Mama Nasra, Leicester

Ummu Idris, pole sana. Nimemsomea mume wangu maneno yako akanyamaza. Ana binamu yake mwenye hali kama hiyo, nitampigia leo nikuandikie kwa faragha.

Kijana wa Upanga, Houston

Mzee wa Jinja, shikamoo. Habari ya lile koti nimempigia mama kumsimulia. Kaniambia na yeye ana mkoba chini ya kitanda, hajaufungua tangu baba afariki. Viza nimeshalipia, Ijumaa naondoka, tutaufungua pamoja.