Mama yuko hoteli ya ufukweni Dubai: gumzo la kikundi cha familia ya Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga

Rehema: Assalamu alaykum wote. Tumefika salama. Mama amelala, kwenye ndege hakupata usingizi kabisa. Huku tuko saa moja mbele yenu, msishangae nikiandika usiku usiku.

Omari: Waalaykumu salaam, alhamdulillahi. Miguu ya Mama je?

Rehema: Imevimba kidogo, nimemwekea mito chini. Kile kiti cha magurudumu tulichoomba wakati wa kukata tiketi kimemfaa sana. Kilimsubiri mlangoni mwa ndege, akasukumwa mpaka kwenye teksi, na hatukudaiwa hata senti.

Shangazi Saada: Tuoneshe na chumba mwanangu.

Rehema: [Picha 4]

Shangazi Saada: MashaAllah, MashaAllah. Na bahari ileee! Kibla mmekijua?

Rehema: Ndiyo Shangazi. Ukifungua droo ya kando ya kitanda umebandikwa mshale. Na mswala wameleta tulipoomba.

Mjomba Athumani: Mko upande gani wa mji? Dubai ninayoijua mimi ni ile ya Deira, kwenye khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, majahazi yamejipanga yanapakiwa majokofu na matairi.

Rehema: Shikamoo Mjomba. Tuko Jumeirah. Ukisimama roshanini ukatazama kushoto unaiona Burj Al Arab, ile yenye umbo la tanga la jahazi.

Mjomba Athumani: Marahaba. Ile si ya pwani, ile iko majini. Mita 280 kutoka ufukweni. Kazi ya kukijaza kisiwa chake peke yake iliwachukua kama miaka mitatu, ndipo wakapandisha jengo la mita 321, likafunguliwa Desemba 1999. Mimi ninachokipenda pale ni kingo zake. Wamepanga mazege yenye matundu ndani. Wimbi likija linaingia kwenye matundu, nguvu zinamalizikia humo. Ungejenga ukuta mtupu, wimbi lingegonga na kuruka juu, likawalowesha wageni.

Zuhura: Babu Athumani anayajua yote haya kutoka Barabara ya 8 🙌

Mjomba Athumani: Mjukuu wangu, mtu aliyekula mshahara wa bandari miaka yote ile hawezi kupita kwenye habari ya zege la baharini asisome.

Rehema: Mjomba, na ile Palm Jumeirah, kisiwa chenye umbo la mtende, tutakwenda kesho kutwa. Mama anataka kuona visiwa vilivyotengenezwa na watu.

Mjomba Athumani: Mwambieni dada yangu atazame lile tao la mawe linalouzunguka mti wote, kilomita 11. Kazi ilianza 2001. Mchanga wa jangwani haukuwafaa, ni mwororo mno na punje zake mviringo, haushikani. Wakaufyonza wa chini ya bahari, meli ikawa inaurusha hewani kama mvua. Halafu tao lile lilikuwa limeziba moja kwa moja, ikaonekana maji ya ndani yatalala yaoze. Ndipo wakakata mapengo ili maji yaingie na kutoka. Bahari huifungii ndani. Hata hapa kwetu, tangu lango la bandari lichimbwe mpaka mita 13 na meli kubwa zikaanza kufunga gatini badala ya kushushiwa na matishari, mkondo lazima uangaliwe kila siku.

Omari: Mjomba, ahsante. Rehema, Mama akiamka tutumie sauti yake.

*Asubuhi ya pili*

Rehema: Mama anaongea, mimi naandika. Anasema hivi: "Wanangu hamjambo. Nimeingia baharini. Nimekaa maji ya kiunoni, goti limetulia. Bahari ya huku haipwi kama yetu, nimesubiri ipwe nione mwamba, imesogea kidogo tu ikarudi. Na nimeonja, ina chumvi kuliko ya Raskazone."

Mjomba Athumani: Kaonja sawasawa. Ghuba ile haina kina, jua linakausha sana, na mito inayoingia ni michache.

Shangazi Saada: Aliingia na nguo gani? Nauliza kwa sababu na mimi nina hamu.

Rehema: Dera lake na mtandio, Shangazi. Tulishuka baada ya sala ya alfajiri, ufukweni hapakuwa na mtu zaidi ya vijana wanaochana mchanga kwa reki. Bwawa ndilo lina masharti, huingii na dera. Ila vazi la kuogelea la stara, lile la kufunika mpaka kichwa, linaruhusiwa. Baharini hakuna aliyetuuliza neno.

Shangazi Saada: Na pombe je?

Rehema: Ipo, nisikufiche. Ukumbi wa chai ya asubuhi hauna, lakini kuna baa ya ufukweni, na Ijumaa usiku muziki ulipigwa mpaka tukafunga mlango wa roshani. Ukija omba chumba cha upande wa bustani au ghorofa ya juu. Hilo lisemwe wakati wa kubuku, ukifika wanakwambia vimejaa.

Mwanaisha: Wifi, naomba niulize kwa nia njema kabisa. Usiku mmoja ni shilingi ngapi hapo?

Rehema: Uliza tu wifi yangu, hela ni za wote. Bei iliyotangazwa ni dirhamu 900. Lakini hiyo siyo utakayolipa. Juu yake kuna asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa, VAT asilimia 5, halafu ada ya utalii, hoteli za nyota tano ni dirhamu 20 kwa chumba kila usiku. Ukijumlisha inapita 1,100. Dirhamu yao imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo piga kama dola 300. Na pale mapokezi wanazuia hela nyingine kwenye kadi kama dhamana, inarudi ukishaondoka, lakini siku hizo huwezi kuitumia.

Mwanaisha: Dola mia tatu! Wifi, usinielewe vibaya. Mama nampenda kama mama yangu. Ila mimi naona zile hela zingejenga tangi la maji uani, kila siku anahangaika na ndoo. Na Deira si kuna vyumba vya bei nafuu, si ndiko unakofikia ukija kuchukua mzigo?

Omari: Mwanaisha, hili tulishalizungumza nyumbani.

Rehema: Mwache kaka, kauliza vizuri. Wifi, tangi tutajenga, liko kwenye hesabu ya mwezi wa pili. Deira naijua. Tunalala wanawake wanne chumbani, madira na mabaibui yamejaa mpaka mlangoni, alfajiri unawahi kupeleka mzigo kwenye mizani. Mji ule hautulii, malori, watu, simu. Kule ni kwa kazi. Ningempeleka Mama Deira ningekuwa nimembadilishia uchovu tu.

Nikwambie nilichokiona hapa. Siku ya kwanza naamka, Mama kashatandika vitanda vyote viwili, kaosha vikombe, kakunja mataulo, kakaa kwenye kiti anasubiri. Kijana wa usafi akabisha hodi. Kumbe ni wa Kilifi. "Shikamoo mama." Katazama kitanda, kasema, "Mama, ukinifanyia kazi yangu wataniuliza mimi nafanya nini." Mama akacheka. Leo asubuhi kakaa roshanini na kikombe chake cha chai, kitanda kiko vilevile kama alivyoamka, anamuuliza kijana bei ya samaki Kilifi huku yule anatandika. Wifi, mimi ni mtu mzima na sijawahi kumwona Mama amekaa huku mtu mwingine anafanya kazi. Tangu Baba afariki, maandazi saa kumi usiku, watoto sita, wagonjwa wa ukoo mzima wanalazwa sebuleni kwake. Nilitaka aonje, angali anaweza kupanda ngazi. Hilo ndilo nililolilipia. Kitanda kikubwa na marumaru ni ziada.

Mwanaisha: Nimekuelewa wifi. Wallahi nimekuelewa. Mpe salamu zangu, mwambie maandazi nimepika mimi leo na wateja wameridhika.

Shangazi Saada: Machozi yamenitoka. Mungu akubariki Rehema.

Zuhura: Mama mdogo, chakula chao Bibi anakiweza?

Rehema: Chai ya asubuhi imo kwenye bei na anakula vizuri: maharage ya ful, mayai, mikate ya kila aina, mtindi. Mchana hatuli hotelini, chupa ya maji tu unashtuka. Natoka kwa miguu mpaka barabara ya nyuma, kuna duka na mgahawa wa Wahindi. Mtu asiyejua hili bili itamuumiza.

*Siku ya nne*

Rehema: Jana tulikwenda mji mkongwe, Al Fahidi. Teksi kwenda haikuchukua muda, kurudi jioni foleni ikatushika mpaka magharibi ikatukuta njiani. Tulivuka khori kwa abra, kile kivuko kidogo, dirhamu 1 kwa kichwa. Mjomba, hebu tazama hii.

Rehema: [Picha: dari la nyumba ya zamani]

Mjomba Athumani: Hizo ni boriti!

Rehema: Ndiyo. Mama ndiye aliyeziona. Sisi wengine tunatazama minara ya upepo, yeye kainua kichwa, kimya. Halafu anaita, "Rehema, hii si mikoko ya kwetu?" Mwenye kutembeza wageni akajibu, ni miti ya Afrika Mashariki, ililetwa kwa majahazi. Akatuonesha na vyumba, vyembamba vyote, kwa sababu upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti. Mama akataka kugusa. Dari la ghala liko chini, kakanyaga kizingiti kagusa kichwa cha mti, gome lake bado lina wekundu.

Mjomba Athumani: Baba yetu alipakia hizo. Wanashuka na kaskazi kutoka huko na tende na papa wa chumvi, wanangoja pepo zigeuke, wanapanda na kusi wamejaza boriti. Mimi nilikuwa mdogo, dada yangu ndiye anayekumbuka vizuri. Alikuwa akitumwa pwani kumpelekea chakula. Niacheni kidogo, nitampigia.

Omari: Mjomba, mpigie. Mama atafurahi kukusikia.

Shangazi Saada: Mimi nasema wazi. Na mimi nataka. Nina hela ya mkonge wa shamba la Pongwe, sijaigusa. Siku tatu zinanitosha. Lini ni kuzuri?

Rehema: Shangazi, kuanzia Novemba mpaka Machi hali ya hewa ni kama hii, jioni unatafuta shali. Juni mpaka Septemba bei zinaanguka sana ila joto linapita nyuzi 40 na bahari yenyewe ni ya uvuguvugu, kwa presha yako hapana. Na usiweke siku nyingi. Usiku mitatu, usiwe na safari za madukani kila siku, ukae ufukweni. Ukitaka kuzunguka mji, lala mjini kwa bei ya mjini. Hata ufukwe wa bure upo, Kite Beach, tumetembea jioni, watoto wamejaa, choo kisafi, bafu lipo.

Mwanaisha: Shangazi, tukienda tutalala chumba kimoja, mimi nitachangia yangu. Nina kibubu.

Shangazi Saada: Karibu mwanangu, usiku tutapiga soga.

Omari: Shangazi, pasi yako ya kusafiria inaisha lini?

Shangazi Saada: Mwezi wa nne.

Omari: Basi kwa Januari haifai, wanataka iwe imebakiza miezi sita. Mpya ni shilingi 150,000. Tafuta cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, Mwanaisha naye atafute vyake. Kesho nawajazia fomu, Jumatatu asubuhi tunakwenda Uhamiaji.

Shangazi Saada: Cheti kiko kwenye sanduku la marehemu kaka. Nani ana ufunguo?

Mjomba Athumani: Ninao mimi. Njoo baada ya Alasiri.