Desemba ukoo wote unapanda nyumbani, mimi neno la shukrani sina. Naombeni ushauri

Mama K wa Pasua:

Habari za jioni wapendwa. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Wenye kejeli naomba mpite tu.

Naishi Pasua, Moshi mjini. Mwezi wa nne nilifiwa na mwanangu wa pili, K, alikuwa darasa la kwanza. Homa ilianza jioni, usiku akawa analalamika shingo, alfajiri tukamkimbiza hospitali, na jua halikuzama akiwa hai. Tuliambiwa ni homa ya uti wa mgongo. Tumemzika kwao Old Moshi, kihambani, yaani shamba la ukoo, pembeni ya babu yake.

Kilichonileta hapa ni Desemba. Mnatujua Wachaga, Krismasi lazima mtu apande nyumbani mlimani. Mashemeji wote wanakuja na watoto wao, na wawili kati ya hao ni rika moja na K. Wamekubaliana kwamba kwa kuwa watu watakuwepo, kaburi lijengewe, msalaba uwekwe, halafu ifanyike ibada ya shukrani. Mchango wa mbuzi umeshatimia. Mimi nimepangiwa kutoa neno la shukrani, na kwaya yangu ije iimbe nami nikiwemo.

Kwaya nimeimba tangu usichana wangu, sauti ya pili. Tangu msiba nasimama na wenzangu, mdomo unagoma. Siku ya mazishi iliposomwa "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", watu wakaitikia jina la Bwana libarikiwe. Mimi nilinyamaza na hadi leo nimenyamaza. Kuomba naomba, ila maombi yenyewe ni ugomvi mtupu: kama ulikuwa unamtaka, ulinipa wa nini? Mama mmoja wa jumuiya ameniambia kulia hivi ni kukosa imani, nitajifunga tumbo.

Mume wangu jina la mtoto halitaji. Sweta la shule bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango, mkono wa kushoto una matobo maana alikuwa akiwaza kitu anautafuna. Tunapita hapo kila siku, hakuna anayeligusa wala kulisema.

Juu ya yote, wifi yangu wa Arusha amenipeleka kwa nabii. Anasema mtoto amechukuliwa na madhabahu za ukoo, tutoe sadaka ya ukombozi kabla ya Krismasi, la sivyo atafuata mwingine. Usiku naamka kumshika mkubwa wangu kifua kama anapumua.

Je, kumkasirikia Mungu ni dhambi? Na hiyo ibada niifanyeje?

Kijana wa Sakina:

Pole sana mama. Mimi niko Arusha, hao manabii nawaona kila kona. Namba yake futa leo leo. Mtu anayemtishia mama aliyefiwa ili apewe hela simwiti mtumishi.

Mteule07:

Kaza moyo mama, Mungu hakosei. Alimpenda zaidi ndiyo maana kamchukua. Bado una nguvu, utapata mwingine.

Nyanya wa Machame:

Mteule, mwanangu, sikugombezi, najua umesema kwa wema. Lakini mtoto si chungu, kwamba kikivunjika kinanunuliwa kingine. Nimezaa watano, nikamzika mmoja, na waliobaki wanne hawajawahi kujaza nafasi ya yule.

Mama K, nikwambie usichoambiwa na wengi: kaburi utalimudu. Kitakachokumaliza ni wale watoto wa rika lake, wakishuka kwenye gari na nguo mpya za Krismasi, saizi ambayo wewe ungekuwa umenunua. Mimi mwaka wa kwanza nilijifungia jikoni nikasingizia moshi wa kuni. Wewe sema mapema. Mpigie wifi mmoja unayeelewana naye, mwambie siku wanayofika hutakuwa mlangoni kupokea, utakuja watu wakishatulia. Akikununia, basi anune.

Na huyo wa jumuiya anayesema kulia kunafunga tumbo, muulize Yakobo alikosa imani lini. Alipodhani Yusufu ameraruliwa na mnyama, wanawe walikuja kumtuliza akakataa kutulizwa. Imeandikwa.

Mwinjilisti Mstaafu:

Mama K, pokea pole yangu. Nimehudumu misibani miaka mingi huko mlimani, na nikuambie jambo kuhusu andiko lile la "BWANA alitoa". Ayubu alilisema katika sura ya kwanza, na ni kweli alilisema. Lakini sisi tunafunga Biblia hapo hapo. Sura ya tatu huyo huyo Ayubu analaani siku aliyozaliwa, na kitabu kina sura 42! Rafiki zake walipokaa chini naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, walifanya vyema kabisa. Waliharibu walipofungua midomo. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na kusema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, aliyekuwa akigombana naye.

Zaburi ya 88 isome usiku unapokosa usingizi. Haina aya ya faraja hata mwisho, inaishia gizani. Na ipo katika Biblia, wala hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kinachonipa matumaini na wewe ni kwamba ugomvi wako unaupeleka kwake. Aliyeacha imani hana wa kugombana naye.

Sisi Walutheri tukumbushane pia: Martin Luther alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13. Alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru, kwa kuwa binti ameondoka salama, lakini mapenzi ya mzazi yana nguvu mno, hawakuweza kushukuru bila kulia na kuugua. Huyo ni Luther. Sasa wewe wa Pasua nani akudai zaidi?

Kuhusu nabii, mpe Yohana 9:3, Yesu akisema juu ya kipofu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Akileta habari za ukoo, mpe Ezekieli 18, kwamba mwana habebi uovu wa baba yake. Kisha muage.

Nesi wa Zamu:

Naongezea la kitaalamu kwa kifupi. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria inaweza kuua ndani ya saa 24, hata mtoto akiwahishwa. Dada, mlimpeleka alfajiri ileile. Kuamka usiku kukagua mkubwa ni kawaida kwa mzazi aliyefiwa, ila kama hata chakula hakishuki, au unaanza kuwaza ni bora ungemfuata, usisubiri Desemba. Nenda hospitali uwaambie hivyo hivyo, uombe mtu wa ushauri nasaha.

Baba wa Wawili:

Mimi naomba niongelee mume. Wanaume tukifiwa tunapewa kazi: wewe simamia jeneza, wewe gari, wewe hesabu ya rambirambi. Watu wakiondoka kazi imeisha na hujalia. Usimuulize "mbona huongei", atafunga kabisa. Anza na hilo sweta. Mwambie, "Baba K, hili tuliweke wapi?" Kwangu ilikuwa viatu vya mpira. Tuliongea mpaka chai ikapoa, na jina likatoka.

Bint Mwinyi (Tanga):

Mimi Muislamu, nimepita tu. Hata Mtume wetu alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alilia, na akaulizwa mbona analia. Akajibu kwamba jicho latoka machozi na moyo wahuzunika. Pole sana dada yangu.

Mteule07:

Nyanya nimekuelewa. Mama K unisamehe.

Mama K wa Pasua:

Asanteni, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mteule hujanikosea, ndivyo sote tunavyosemaga.

Nimempigia wifi, si yule wa nabii, mdogo wake. Nimemwambia kaburi lijengewe na mbuzi wachinjwe, sizuii. Ila neno la shukrani atasema shemeji mkubwa, na kwaya ikiimba mimi nitakaa na mama mkwe. Kanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na sisi tulikuwa tunaogopa kukuuliza." Kuhusu lile andiko nitamwomba mchungaji asome Daudi, pale mtoto wake alipokufa: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Hilo naweza kuliitikia. Lile la Ayubu bado.

Nabii nimembloku. Ametuma ujumbe kwa namba nyingine.

Baba wa Wawili, ushauri wako nimeusoma ila sijaufanyia kazi. Baba K yuko safari, anarudi Alhamisi.

Nyanya wa Machame:

Hiyo namba nyingine nayo ibloku. Na Baba K akirudi hiyo Alhamisi, mwache ale kwanza ndipo umuulize.